Anwani Ile Ile

Mjane hupelekewa uji, na mke aliyeachwa hupelekewa maneno. Najiat wa Ipuli hakuwa mjane wala hakuwa ameachwa, basi majirani wakakosa cha kumpelekea. Wengi waliona heri wampungie mkono kwa mbali na kuendelea na safari yao.

Mumewe, Mustafa, alikuwa fundi wa umeme wa jua. Miezi kumi na minne nyuma alipanda treni ya Kigoma, akavuka ziwa, akaingia Kongo kufunga taa kwenye zahanati za vijijini. Siku ya kuondoka alikuwa na mizaha kama kawaida yake. "Wapagazi wa zamani walitoka hapa hapa Tabora wakaenda huko huko na mizigo kichwani," alisema pale stesheni. "Mimi nakwenda na betri. Nani aseme hatujaendelea?" Najiat alicheka, na mtoto wao Tunu, aliyekuwa mgongoni, naye akacheka kwa kuwa mgongo wa mama umetikisika.

Miezi mitano ya kwanza Mustafa alipiga simu alipopata mnara, na alipoukosa aliandika barua pepe kwenye ofisi za watu. Barua ya mwisho Najiat aliijua kwa moyo kama dua ya kulalia. "Mke wangu, kesho tunaingia ndani zaidi, na huko hakuna mtandao. Sijui ni miezi mingapi. Simu zinapotea, namba zinabadilika. Nikitoka, mahali pa kwanza nitakapopita ni anwani ile ile. Usiache kufungua."

Kama vile kijicho kilikuwa kinamsikiliza, wiki ile ile simu ya Najiat iliibiwa sokoni. Alipokwenda kuomba laini yake irudishwe aliambiwa aweke kidole. Akaweka, mashine ikamkataa. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kidole cha Mustafa tangu wakiwa wachumba, kama walivyosajiliwa wenzake wengi.

"Mlete mwenye kidole," alisema binti wa dukani.

Kidole kilikuwa Kongo. Najiat akachukua laini mpya kwa kidole chake mwenyewe, akaitia kwenye simu ndogo ya batani, akamwandikia mumewe namba hiyo kwa barua pepe. Jibu halikuja. Namba ya zamani ya mkewe ndiyo pekee ambayo Mustafa aliikariri duniani. Siku hizi nani anakariri namba? Ikabaki anwani.

Na anwani yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya safari, Mustafa alitengeneza tovuti ya kazi zake, akaiita Jua la Unyanyembe. Aliijenga jioni hadi jioni, mke akiwa pembeni na madaftari yake ya darasa la watu wazima. Aliweka picha za mapaa aliyofunga paneli, na chini yake anwani mbili za barua pepe zenye jina la tovuti hiyo: ya mustafa na ya najiat. "Mimi ya nini?" Najiat aliuliza. "Nani ataniandikia mimi?" Mustafa akamjibu bila kugeuka, "Kwani mimi si mtu?"

Basi kila Ijumaa baada ya alasiri Najiat alikwenda kwenye steshenari ya Hilari, akakaa kwenye kompyuta ya kona, akafungua kikasha chake. Hakuna kitu. Kila mwezi aliandika barua moja: Tunu ameota jino, Tunu amekataa ziwa, nimefaulu hesabu za jioni. Baada ya barua ya nane, kikasha kikagoma kufunguka. Akadhani ni mtandao. Ijumaa iliyofuata kikagoma, akadhani ni umeme. Ya tatu akadhani amesahau namba ya siri, akaona haya kuuliza, maana mwanafunzi mtu mzima haya zake ni nyingi. Zikapita wiki saba hivyo, hadi Jumatano moja akajikaza.

"Kaka Hilari, hebu nitazamie. Kikasha changu kimenuna."

Hilari alikuwa kijana mnene mpole, mwenye kalamu mbili sikioni na ya tatu akiitafuta. Alibofya hapa, akabofya pale, akasogeza kiti karibu na kioo.

"Dada, jina la tovuti limekwisha muda."

"Limekwisha vipi? Si tulilinunua?"

"Halinunuliwi, linapangishwa kwa mwaka, kama chumba. Usipolipia, wanakupa siku za kujitetea. Zikiisha, wanampa mwingine yeyote atakayetaka." Alimgeuzia kioo aone. "Siku zenu za kujitetea zinaisha keshokutwa, Ijumaa, saa kumi jioni."

Najiat alikuwa amedhani jina likishanunuliwa limenunuliwa, kama kitenge. Alimshusha Tunu mgongoni, akamkalisha juu ya boksi la karatasi.

"Na barua?"

"Zilizokuwamo zimo, nyumba haijabomolewa. Ila mlango umefungwa. Mtu akiwaandikia sasa hivi, barua inageuzia mlangoni, inamrudia mwenyewe. Na akija mpangaji mpya, barua zote zitakazotumwa kwenye anwani yako atapokea yeye."

"Mustafa akiniandikia, atasoma mtu mwingine?"

"Akitaka kusoma, atasoma."

Wakajaribu kulipia. Bili ilitakiwa itolewe ndani ya akaunti ya Mustafa, na akaunti ili ifunguke ilitaka kutuma namba ya uthibitisho. Ingeituma wapi? Kwa barua pepe ya Mustafa, ile ile iliyomo ndani ya jina lililofungwa. Hilari alijishika kichwa. "Bwana huyu! Amefunga mlango, ufunguo kauacha ndani." Njia ya pili ilikuwa kwa simu. Mtambo ulionyesha nyota nyingi na tarakimu tatu za mwisho: tisa, moja, saba.

Najiat alizijua tarakimu hizo. Ilikuwa laini ya zamani ya Mustafa, ambayo nayo haikuwa yake. Ilisajiliwa kwa kidole cha kaka yake mkubwa, Mabruki, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Igunga. Ndugu hao waligombania shamba la baba yao lililoko Puge. Mmoja alitaka liuzwe, mwingine alitaka lilimwe. Maneno yalipozidi, Mabruki alisema, "Basi nirudishie na laini yangu, hicho ni kidole changu." Mustafa akaichomoa pale pale, akaiweka mezani. Hawakusemezana tena mpaka Mustafa anapanda treni.

Hilari akapiga simu Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyosajili jina, akamkabidhi Najiat aongee. Sauti ya dada mmoja, laini kama hariri, ikamweleza kwamba kubadili namba ya simu inawezekana kabisa. Aje mwenye akaunti na kitambulisho.

"Hayupo," alisema Najiat.

"Pole sana, mama. Basi tuletee cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi."

"Hajafa."

"Basi aje mwenyewe."

"Nimekwambia hayupo."

"Mama yangu," ile sauti ikasema kwa huruma kabisa, "inabidi awe kimojawapo."

Najiat alirudisha simu. Jambo ambalo mtaa mzima wa Ipuli uliogopa kumwambia usoni, amekuja kuambiwa na mtu asiyemjua, tena kwa adabu.

Hilari aliichomoa kalamu moja sikioni, akairudisha. "Dada Najiat, sitaki nikufiche. Kuna tajiri mmoja wa maduka ya sola kalipenda hilo jina. Ameniagiza nilinyemelee, likiachiwa tu nilidake. Nimekwisha pokea kazi yake. Mpaka Ijumaa saa kumi mimi ni wako, nitahangaika nawe kama ndugu. Saa kumi na dakika moja mimi ni wa mwenzio."

"Angalau umeniambia."

"Nimekwambia ili unichukie mapema."

Hakumchukia. Alikwenda nyumbani, akamlaza mtoto, akamwandikia Mabruki ujumbe kwa simu yake ya batani, akipima kila neno:

"Shikamoo shemeji. Mimi ni Najiat mke wa Mustafa, hii ni namba yangu mpya. Kuna namba ya siri itaingia kwenye simu yako. Naomba unitumie haraka. Usimwonyeshe mtu mwingine."

Jibu lilikuja asubuhi ya Alhamisi.

"Mjukuu wa tapeli wewe. Namba ya shemeji yangu ninayo na si hii. Katafute mjinga mwingine. Na ukome kumtaja mdogo wangu."

Akapiga, haikupokelewa. Hilari akapiga kwa simu yake. Akapokelewa, na kabla hajamaliza salamu akatukaniwa mama yake, marehemu Veneranda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkosea mtu. Hilari aliweka simu chini taratibu. "Huyu mzee," alisema, "kwa usalama wa fedha zake yuko vizuri."

Najiat akaona hakuna njia isipokuwa uso kwa uso. Uso hauna namba mpya.

Ijumaa alfajiri alimfunga Tunu mgongoni akapanda basi la Nzega. Mvua zilikuwa zimekwisha muda, nchi imekauka rangi ya mkate. Walipopita Puge alilitambua shamba la ugomvi kwa mchongoma wake wa mpakani. Halikuuzwa wala halikulimwa. Nyasi zimesimama kifuani, na ng'ombe wa watu wanakula humo kwa raha zao. Akamwambia Tunu, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia, "Ona urithi wako." Tunu alikuwa amelala.

Nzega walikaa sana wakisubiri gari lingine, na walipoingia Igunga ilikuwa saa saba imepita. Maroli yamepangana barabara nzima, magunia ya mpunga yamepangwa hadi barazani. Alikiulizia kiwanda cha Mabruki akaonyeshwa, akakikuta kimya. Makuli watatu wamelala juu ya pumba.

"Mzee yuko msikitini, leo Ijumaa," alisema mmoja bila kufumbua macho. "Kaa hapo, mama, usiogope. Pumba haiumi."

Akakaa. Tangu Mustafa aondoke, kazi ya Najiat hasa ilikuwa hiyo ya kukaa mahali akisubiri, na alikuwa ameizoea kiasi kwamba kwa kawaida hakuiona. Lakini leo saa zilikuwa na meno. Saa nane. Saa nane na robo. Akamnywesha Tunu maji kwa kifuniko cha chupa, akasoma maandishi ya magunia yote yaliyokuwa karibu, akayarudia.

Mabruki alitokea na kanzu yake nyeupe, anatembea akicheka na mtu. Alipomwona Najiat kicheko kikakatika. Alisimama katikati ya uwanja. Kisha badala ya kuja, alitafuta gunia kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Shikamoo, shemeji," Najiat alisema.

Hakuitikia. "Sema tu," alisema. "Usinizungushe. Amekufa?"

Najiat hakuwa amelifikiria hilo. Alifikiria basi, saa, namba. Hakufikiria kwamba mke wa mtu asiyejulikana alipo, akitokea ghafla mlangoni pa ndugu na mtoto mgongoni, tayari amekwisha sema kitu.

"Hajafa, shemeji! Yaani... sijui. Sikuja na habari hiyo. Nimefuata namba ya siri."

"Namba ya nini?"

"Ya siri. Ule ujumbe ulikuwa wangu."

Mabega ya Mabruki yakaanza kutikisika, na makuli wakafumbua macho, maana hawakujua kama mzee analia au anacheka, na mwenyewe nadhani hakujua. "Marahaba," alisema mwishowe, akijifuta uso kwa kofia. "Marahaba, mama Tunu. Na yule mwanamume niliyemtukania mama yake?"

"Ni Hilari wa steshenari. Mama yake ni marehemu."

"Astaghafiru Llah."

Najiat akamweleza yote haraka haraka, mpaka saa kumi. Mabruki alisikiliza, uso ukibadilika.

"Kumbe ndiyo hao! Tangu mwezi wa nne wananiandikia. 'Ndugu Mustafa, jina lako linakwisha muda, lipia kwa namba hii.' Nikasema matapeli hawa hawana haya, mtu hayupo, wanamdai jina lake! Nimefuta zote. Kila ikiingia nafuta. Tena nafuta kwa hasira." Alisema hivyo kwa fahari ambayo ilianza vizuri ikaishia vibaya. "Kwa nini Mustafa aliacha namba yangu humo?"

"Labda alisahau kuibadilisha."

"Mustafa hasahau vitu vyake," alisema Mabruki.

Najiat akampigia Hilari. Kwa mbali vilisikika vitufe vya kompyuta ya Tabora. "Natuma," alisema Hilari. "Inakaa hai dakika kumi. Nafasi ni mbili tu. Tukikosea zote akaunti inajifunga mpaka kesho, na kesho si yetu. Haya, imeondoka."

Simu ya Mabruki ikalia mkononi mwake. Aliitazama, akakunja uso kwa mazoea, na dole gumba likafanya lilichofanya tangu mwezi wa nne.

"Shemeji!"

"Nimefanyaje?"

"Umefuta!"

Mabruki alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. "Wallahi kimekwenda chenyewe."

Kule Tabora, Hilari alisikika akivuta pumzi. Mtambo ulimtaka asubiri nusu saa kabla ya kutuma tena. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Ikawa nusu saa ndefu kuliko miezi tisa. Mabruki aliwakataza makuli wasiwashe mashine, asije akakosa kusikia mlio. Alimwomba Tunu kwa ishara, akampakata. Mtoto akamshika ndevu.

"Ana pua ya mama yetu," alisema. Kisha, akiwa bado anamtazama mtoto: "Kila mwisho wa mwezi naitia vocha laini hii. Mke wangu ananicheka, ananiuliza ya nini, unazo mbili nyingine. Namwambia ya biashara." Akaondoa mkono wa Tunu ndevuni. "Hakuna biashara."

Saa tisa na dakika ishirini Mabruki alimnyooshea Najiat ile simu kwa mikono miwili, kama anayetoa mkono wa Idi. "Shika mwenyewe. Mimi kidole changu si cha kuaminiwa."

"Hii ni ya mwisho," alisema Hilari. "Natuma."

Haikuja. Dakika moja, mbili. Alama ya mnara kwenye simu ilikuwa imebaki kijiti kimoja. Najiat alipanda juu ya magunia. Akapanda ya pili yake, na ya tatu, makuli wakimshikia miguu na wakimwelekeza, "Kulia kidogo, mama, huko kuna mnara," mpaka akafika karibu na mabati, joto linampiga kichwani. Dakika ya sita simu ikatikisika. Akazisoma tarakimu kwa sauti, moja moja, chini Mabruki akizipokea na kuzirudia kwa simu nyingine kama muadhini.

Kisha sauti ya Hilari, ndogo, kutoka mkononi mwa Mabruki: "Imefunguka. Nalipia. Subirini... imekubali. Dada, jina ni lako mwaka mzima."

Makuli walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Najiat alibaki juu ya magunia, akakaa huko huko kidogo, mahali ambapo hakuna anayemwona uso.

"Na yule tajiri wako?" Mabruki alimuuliza Hilari.

"Atatafuta jua jingine, mzee. Limejaa tele."

"Basi naomba radhi kuhusu mama yako."

"Nimemfikishia," alisema Hilari.

Hakukuwa na basi la kurudi tena siku hiyo. Akalala kwa Mabruki. Hilari alikuwa amesema mlango hautafunguka papo hapo. Dunia inachukua saa kadhaa kupata habari. Basi baada ya magharibi, walipokwisha kula wali na mlenda, mke wa Mabruki, Mwanamkuu, alimletea simu yake ya kupangusa na kujipachika pembeni yake mkekani, maana hakuwa mtu wa kupitwa.

Najiat aliandika anwani yake. Kikasha kikafunguka kama hakijawahi kufungwa. Tangazo la viatu. Tangazo la mikopo. Basi.

Alikuwa amejiambia njia nzima asitegemee, na alikuwa ametegemea.

"Labda aliandika wiki hizi saba ikamrudia," alisema Mwanamkuu.

"Labda."

"Huwezi kujua?"

"Siwezi."

Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya mwisho ya Hilari: sasa wewe ndiye mwenye nyumba, chumba chochote unaweza kufungua. Chini ya jina lake lilikuwapo jina la pili. Mustafa. Kidole chake kikasimama hewani.

Mwanamkuu hakuhitaji kuelezwa. "Fungua."

"Dada, ni kumpeleleza mtu."

"Mume hapelelezwi, mdogo wangu, anahakikiwa. Unajua wanasema nini watu? Wanasema amepata Mkongo, amejenga, amesahau. Mimi nimeyasikia huku Igunga, wewe huko Ipuli si ndiyo usiseme? Fungua, ulale umejua moja."

Najiat alifungua.

Barua ambayo haijafunguliwa huonekana kwa wino uliokoza. Ikisomwa, wino hupungua. Zilikuwapo barua za ukumbusho za kampuni ya Dar es Salaam, zimekoza. Na chini yake, zimepangana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, barua nane, zote kutoka kwa najiat. Tunu ameota jino. Namba yangu mpya ni hii. Nimefaulu hesabu. Zote nane zimekoza, nyeusi tititi, hakuna hata moja iliyoguswa. Hakuna jina la mwanamke mwingine. Hakuna jina la mtu yeyote.

"Hajasoma hata moja," alisema Mwanamkuu, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hajasoma," alisema Najiat.

Kwa miezi tisa alikuwa akilala na swali moja: amezisoma na kunyamaza? Amejua namba yangu asinipigie? Sasa alijua kwamba hapana, mpaka siku mlango ulipofungwa. Hakudharauliwa. Hakusikika tu. Mustafa alikuwa bado huko ndani mahali ambapo hakuna mnara, au alikuwa pengine pabaya zaidi, na hilo wino haukulisema. Alilia kidogo, si sana, na Mwanamkuu, mwenye maneno mengi, akamshika goti.

Hakufungua hata barua moja. Alitaka mwenyewe azikute zimekoza hivyo hivyo, zote, kwa mpangilio wake. Alirudi kwenye chumba chake, akaanza kuandika ya tisa. Alimwandikia kwamba mlango ulikuwa umefungwa wiki saba na kama aliandika siku hizo aandike tena. Alimwandikia habari ya Tunu na ndevu.

Mabruki alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, anajifanya anachokonoa meno. "Unamwandikia yeye?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mwandikie na mimi."

"Nimwandikie nini?"

Nje roli lilikuwa likihangaika kurudi nyuma na mtu akipiga kelele, njoo, njoo, njoo, simama.

"Mwandikie, Mabruki amekusalimu."

"Na habari ya shamba?"

"Ya shamba tutagombana akirudi. Mtu unagombana naye uso kwa uso." Akageuka kuondoka, akarudi. "Salamu mbili. Andika mbili."

Najiat akaandika mbili. Akabonyeza, barua ikaondoka. Alikaa akiitazama simu, akisubiri igeuzie mlangoni na kumrudia kama Hilari alivyomweleza. Dakika ikapita, na nyingine. Mwanamkuu alisimama kwenda kumtandikia mtoto.

Haikurudi.